Meno Mawili ya Mbele

Kidoti alikuwa amebana midomo mpaka imekunjamana. Daktari wa meno alikuwa ameshabembeleza, muuguzi ameshaimba, na mimi nimeshaahidi kila nilichoweza na nisichoweza kununua. Binti yangu alikuwa na miaka mitatu, doa dogo shavuni lililompa jina, na kichwa kigumu cha ukoo wa baba yake. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba usaha. Meno mawili ya mbele yangeng'olewa siku ile, atake asitake.

Kando yetu alikaa mama mkwe wangu, mkoba mapajani, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeyaozesha.

Hapo damu ilinichemka, maana mwaka mzima nilikuwa nimepigana vita vya chupa. Mimi nilishinda kiwandani kwenye cherehani, yeye akabaki na mtoto. Kila mchana alimlaza na chupa ya maziwa yaliyokolea sukari, na chuchu ilibaki mdomoni mpaka mtoto aamke. Nilipoona madoa meupe karibu na ufizi, kisha ya kahawia, nilikwenda kliniki nikarudi na maagizo mepesi kabisa: chupa ya kulalia iwe ya maji, na mtoto apigwe mswaki asubuhi na kabla ya kulala.

"Ni meno ya utoto hayo, yatang'oka tu," mama mkwe alisema. "Baba yake nilimlea hivi hivi, na mke kapata."

Nilimwomba mume wangu azungumze na mama yake. Akasema atazungumza. Mume wangu ni mtu wa atazungumza. Nikaificha chupa, ikanunuliwa nyingine. Nikaificha sukari, nikasemwa mbele ya wageni kwamba siku hizi nyumba hii hata sukari ina mwenyewe. Jioni nilipomlaza Kidoti mapajani nimpige mswaki, alilia kama anachinjwa, na bibi yake akatokea mlangoni kumwokoa. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa, tena mbuzi anayenipikia, kunifulia na kunilelea mwanangu, kwa hiyo sikuwa na ubavu wa kumpandishia sauti.

Sasa tulikuwa pale, na maneno ya mwaka mzima yalikuwa yamenijaa kooni. Niliamua kuyamwaga yote mbele ya daktari, liwalo na liwe. Nikageuka.

Mama mkwe alikuwa ameshainuka. Alimwinamia mjukuu wake, akaingiza vidole mdomoni, akayatoa meno yake yote ya juu kwa pamoja na kuyaweka kiganjani. Nilijua ni ya bandia, lakini miaka yote chini ya paa moja hakuwahi kuyavua mbele ya mtu.

"Unaona?" alisema, maneno yakimponyoka kwenye ufizi mtupu. "Hata ya bibi yanatoka. Wala hayaumi."

Kidoti alicheka, mdomo ukawa wazi, na daktari akaitumia nafasi hiyo hiyo. Ikaja sindano ya ganzi, kilio kifupi, kisha koleo, na vijino viwili vyeusi vikaanguka kwenye trei ya chuma. Nilikereka zaidi. Hata pale, aliyeshinda alikuwa yeye.

Mama mkwe akayapachika meno yake mahali pake. Kidoti alimtazama kwa makini mpaka akamaliza. Kisha akaitema pamba aliyowekewa kwenye pengo, akafungua mdomo wazi kabisa, safari hii bila kuombwa na mtu.

"Na mimi, bibi. Nirudishie."

Daktari alimweleza kwa upole kwamba mengine yataota akishaanza shule. Kidoti hakumsikiliza. Aliendelea kusubiri, mdomo wazi.

Mama mkwe alinitazama mimi. Nilikuwa na hasira, na hata leo, Kidoti akiwa na meno yake ya ukubwani, haijaisha yote. Lakini niliinama tu, nikaiokota pamba.

Mama mkwe akayavua meno yake tena, akayafunga kwenye leso, akayatia mkobani. Tulirudi kwa miguu, Kidoti katikati ametushika mikono, na majirani walipomsalimia mama mkwe aliitikia kwa kichwa tu, mashavu yamebonyea.

"Vaa meno yako, mama," nilimwambia tulipofika mlangoni.

"Nitayavaaje," alisema, "na huyu ananiangalia?"