Nafasi ya Mshambuliaji Mmoja

Kila mwaka ligi ikisha, nyumba yangu hapa Ibra, Oman, hugeuka kamati. Wale wenyewe wa klabu ya Al Ghaf wana ofisi yao na viyoyozi vyao, lakini maneno khasa husemwa kwangu, baada ya Alasiri, juu ya mazulia ya sebuleni, kwa kahawa na halua na vitumbua vya mkono wangu. Nani auzwe, nani aletwe, nani aambiwe kwa heri. Mimi Mabruka, mwalimu mstaafu, nina miaka sabini na moja, na hajazaliwa mwanamume wa kunidanganya juu ya winga wa kushoto. Mpira nimeanza kuutazama Unguja, uwanja wa Mnazi Mmoja, nimekaa mabegani kwa baba yangu.

Mwaka huu mambo yalikuwa mabaya. Tulinusurika kushuka daraja kwa pointi moja. Kipa wetu kachukuliwa na watu wa Nizwa, winga kafuata mshahara Sur, na mshambuliaji goti limemwisha. Klabu ikasema ina nafasi ya mshambuliaji mmoja tu, hakuna wa pili. Ama wasajili mgeni, ama wampandishe kijana kutoka kikosi cha pili. Na kijana mwenyewe alikuwa Nasr, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Rawya. Nimemlea mimi tangu ana miaka minne, na sasa anayo ishirini na miwili.

Jumapili moja jirani yetu Adil, mtu wa kamati, akaniletea huyo mgeni nyumbani. Adil ni Mwarabu wa hapa hapa Ibra, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mgeni aliitwa Abdullatif, mrefu, mweusi, mpole, na pasipoti yake ya Ubelgiji. "Asili yake Senegal, nadhani," Adil akatuambia kwa Kiarabu. Kijana akatoa salamu, akakaa, akanywa kahawa, akasema maneno mawili matatu ya Kiarabu cha msikitini, basi. Ndugu yangu Himid alikuwepo, maana Himid hakosi vitumbua.

Sasa sikilizeni desturi yetu, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Sisi tuliotoka Unguja, Kiswahili ndilo pazia letu. Tukitaka kumsema mtu mbele ya macho yake, twahamia Kiswahili, na uso tunauacha palepale, mkunjufu, kama watu wanaozungumza bei ya vitunguu. Watoto wetu hulijua hilo kabla hawajajua kusoma. Nimelitumia sokoni, hospitali, wizarani, miaka hamsini na zaidi, wala halijapata kunitoboka.

Basi Himid akaanza, huku anamtabasamia mgeni. "Miguu mizuri, lakini tazama goti lile la kulia. Si limevimba?"

"Na umri je?" nikamjibu, ninamsogezea mgeni sahani. "Kama huyu ana miaka ishirini na saba, basi mimi bi harusi wa jana."

Mgeni akachukua kitumbua, akasema shukran. Himid akacheka, nami nikacheka, na Adil akacheka kwa vile sisi tumecheka.

"Lakini dada, afadhali huyu," Himid akasema. "Nasr wako si wa kutegemea. Dakika ya sitini tu kishashika kiuno. Mmemdekeza mno. Mtoto mvivu yule."

Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua. Mtoto wa marehemu Rawya aitwe mvivu, ndani ya nyumba yangu, na mdomo umejaa vitumbua vyangu. Nikainua birika, nikammiminia Adil kahawa, na kwa sauti ile ile ya vitunguu nikasema: "Si uvivu. Kazimia Manah, shambani kwa ami yake, mwezi uliopita, na si mara moja, mara mbili. Mara ya pili wafanyakazi walimmwagia maji ya falaji, mfereji wa shamba, ndiyo akafumbua macho. Anasema moyo humruka, akikimbia sana hauko pamoja naye. Na fomu ya daktari wa klabu kaandika kuwa hajazimia maisha yake yote. Kaniapisha nisimwambie mtu. Sasa ushajua, funga mdomo wako na umwache mjukuu wangu."

Himid akaacha kutafuna. Uso ukamwanguka, akasahau kutabasamu, nikamkata jicho alirudishe tabasamu lake. Hapo ndipo nilipomwona mgeni anaweka kikombe chini. Alikiweka taratibu sana, wala hakuinua macho.

Walipoondoka, Adil na Himid walitangulia garini, wakibishana juu ya kipa. Mgeni akabaki mlangoni anavaa viatu. Akavaa cha kwanza, akavaa cha pili, akasimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Vitumbua vyako vitamu. Kwetu Bujumbura pia tunavipika."

Wallahi nilishika mlango. Nikaitika marahaba kwa mazoea, kisha ndipo nikafahamu ni lugha gani niliyoitikia. Kumbe alifahamu yote, goti, umri, bi harusi, na lile la Manah. Akashuka ngazi, akapanda gari ya Adil, mtu wa kamati, wakaondoka pamoja.

Khofu iliyoniingia siku ile sijui niieleze vipi. Adil akinitumia ujumbe wa kunitakia asubuhi njema, nautafuta ndani yake jina la Nasr. Nilijua yatakayokuwa: mgeni atamwambia Adil, Adil atamwambia kocha, Nasr atakatwa, na atajua ni bibi yake aliyeitoa siri. Ndoa nayo itaharibika, maana baba yake Jumana, mchumba wa Nasr, kasema waziwazi, hakuna kufunga nikaha mpaka kijana apate mkataba. Himid akanipigia mara tatu kwa siku. "Dada, tufanye nini?" Nikamwambia afanye lile asiloliweza, anyamaze.

Jumatatu Nasr akaja kula, furaha imemjaa. Adil kamwambia Alkhamisi kuna mechi ya kirafiki na timu ya Mudhaibi. Yeye ataanza, mgeni atakaa benchi. Akicheza vizuri, Jumamosi anasaini.

"Na hospitali?" nikamuuliza.

"Nikishasaini, bibi. Wallahi nikishasaini naenda siku ya pili." Kiswahili chake cha kuchanganya, anavunja maneno, lakini pale alikisema sawasawa, makusudi, ili nisiwe na la kumrekebisha.

"Uende kabla."

"Nikienda kabla, wataandika kitu. Wakiandika kitu, nimekwisha. Tangu nina miaka tisa nangojea hii. Uliniapia."

Nikamtazama anavyokula. Nilikuwa ninamtazama kifuani, pale fulana inapopanda na kushuka. Akaniuliza mbona namkodolea macho, nikamwambia amepungua, aongeze wali. Sikumwambia kuwa namuona mama yake. Rawya alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alilalamika siku moja kuwa moyo unamruka, nikamwambia apunguze kahawa. Wiki ile ile alijilaza adhuhuri apumzike kidogo, na Alasiri nilipokwenda kumwamsha asali, hakuamka. Daktari aliandika kuwa moyo umesimama. Mimi nikasema ni siku zake zimefika, na tangu hapo sikutaka kuuliza zaidi.

Jumatano nikapika biriani, nikaiweka kwenye chombo chake cha kuhifadhi moto, nikaendesha gari mwenyewe mpaka kwenye jengo wanapowaweka wachezaji, juu ya duka la vipuri. Sikupanda. Mwanamke wa umri wangu hapandi ngazi kwenda kwa kijana mgeni. Nikamtuma mlinzi amwite, na Abdullatif akashuka, akasimama kando ya dirisha la gari juani, kofia mkononi.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanitoka. Nikasema tu, "Mwanangu, tulikukosea adabu. Tusamehe."

"Ah, bibi, nimezoea. Watu wanasema mbele yangu kila pahala." Kiswahili chake kilikuwa cha bara kabisa, lakini kila neno lilikuwa dhahiri. "Ningejibu palepale, lakini niliona haya kuwafedhehesha wazee. Halafu ukasema lile jambo, nikashindwa kabisa."

"Umemwambia Adil?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

"Hapana, bibi. Sitasema."

"Wallahi?"

"Wallahi. Nina mke na watoto wawili Bujumbura. Nikisema mimi, watu watasema nimepata nafasi kwa ulimi, si kwa miguu, na kocha hataniamini tena. Sitasema kitu." Akatazama chini, akaigeuza kofia yake. "Na huyu kijana akicheza, akianguka, nafasi nitaipata vilevile. Nisamehe, bibi, lakini ndivyo ilivyo."

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, ningemtukana nikarudi nyumbani. Alisema kwa huzuni, kama mtu anayemwambia mwenziwe kuwa barabara ya mbele imefungwa. Nikampa biriani yake, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda ngazi.

Nilikaa ndani ya gari, injini inawaka, na sikuweza kuondoka. Nilikuja kumwomba anyamaze, na kaniahidi kunyamaza, basi kwa nini sikufurahi? Ndipo nilipojijua. Siku zile zote nilikuwa ninaogopa atasema, na ndani ya khofu hiyo nilikuwa nimejificha ninamtegemea. Nilitaka aseme yeye. Nilitaka mtu mwengine avunje kiapo changu, nipate kumlaani, na Nasr awe hai. Sasa hapakuwa na mtu wa kusema. Himid muoga, mgeni kaapa, Nasr mwenyewe hataki kusikia. Nilibaki mimi.

Na bado sikusema. Msinifanye mwema. Jumatano ilipita, na Alkhamisi asubuhi ikapita, nikishika simu na kuiweka. Nikijiambia labda ni kahawa tu, labda ni jua la Manah, na mtoto hakula vizuri.

Alkhamisi baada ya Magharibi Himid akanipeleka uwanjani. Taa zimewashwa, joto halijapungua, fulana za wachezaji zimelowa kabla hata mpira haujaanza. Tulikaa garini nyuma ya uzio, kwenye ule upande wa familia. Nasr aliniona, akanipungia mkono. Mpira ukaanza.

Alicheza kama sijapata kumwona. Dakika ya saba akampita beki wao kama hayupo. Dakika ya kumi na mbili akafunga, mguu wa kushoto, chini kabisa pembeni. Watu wakapiga honi. Himid akasema, "Dada, tazama, mzima huyu." Mimi sikuutazama mpira. Nilimtazama yeye anaporudi katikati ya uwanja, wenzake wanamkumbatia, na yeye anawasukuma taratibu apate hewa. Akashika kiuno. Halafu akanyanyua mkono wa kulia, akajigonga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara mbili, kama unavyoigonga redio iliyozima. Watu walidhani anashangilia bao.

Nikafungua mlango. Himid akauliza naenda wapi, na mimi nishashuka. Nikapita lango la uzio, nikapita mbele ya wanaume wote wale, na buibui langu limenasa kwenye waya, nikalivuta likachanika. Adil alikuwa amekaa na kamati, nyuma ya benchi. Abdullatif aliniona kwanza. Akasimama, akanipisha njia.

"Khalti, kuna nini?" Adil akauliza.

Nikamwambia kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa, kamati nzima isikie, na kocha, na mtu wa maji. Nikasema mjukuu wangu kazimia mara mbili Manah. Nikasema fomu kaandika uwongo, na mimi nilijua. Nikasema mama yake alikufa hivi. Hilo la mwisho nilikuwa sijapata kulisema kwa lugha yoyote.

Kocha akainuka pale pale. Alimwita mwamuzi.

Nasr akatoka anakimbia, anacheka, anadhani wanampumzisha kwa ajili ya Jumamosi. Akafika kwenye mstari, akaniona mimi nimesimama kati ya Adil na kocha, na nyuso zao. Kicheko kikamwisha.

"Bibi," akasema. "Umesema?"

"Nimesema."

"Kwa nani?"

"Kwa wote."

Akakaa chini palepale kwenye majani, kichwa katikati ya magoti. Akaniambia maneno ambayo sitayarudia yote, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kuwa nimemuua, kuwa Jumana atapewa mtu mwengine, kuwa hana bibi tena. Mpira ukaendelea mbele yetu. Abdullatif alikuwa anavaa fulana, mgongo katugeuzia.

Nikapiga magoti nyuma ya Nasr, nikamwekea kiganja mgongoni, upande wa kushoto. Akakitikisa mkono wangu, nikaurudisha. Akaukubali, kwa kuchoka si kwa kusamehe. Nikausikia moyo wake. Ulikuwa unakwenda mbio, mbio za kuku aliyeshikwa, halafu ukakosa pigo, halafu mapigo matatu kwa pamoja, halafu kimya ambacho nilikihesabu moja, mbili, mpaka ukarudi. Nikangoja utulie. Saa ya uwanjani ilikuwa inasoma dakika ya kumi na saba alipokaa. Ilipofika ishirini na nane, jasho la Nasr limekauka, mkono wangu pale pale, na moyo ulikuwa haujatulia hata kidogo.

"Himid," nikamwita, naye kishanifuata mpaka mstarini. "Leta gari, twende hospitali."