Wiki Sita za Plasta

Kitinda alipotimiza miaka ishirini na mitatu alihama kwao. Hakwenda mbali. Alipata chumba kimoja chenye choo chake, robo saa kwa miguu kutoka kwa mama yake, na hatua chache kutoka duka la fotokopi alikochapa barua za watu wanaotafuta kazi. Alichapa kwa mkono wa kushoto peke yake, tena kwa kasi iliyowafanya wateja waache kutazama simu zao. Mkono wa kulia uliumia siku aliyozaliwa, na tangu hapo ulining'inia tu ubavuni, mwembamba, haumsikilizi.

Mama hakupinga kuhama kwake kwa maneno. Alipinga kwa hotipoti. Kila jioni alibisha hodi na hotipoti kwapani, akapakua chakula, akamchambulia samaki miiba, kisha akakusanya nguo chafu na kuzifua.

"Mama, najua kupika," Kitinda alisema siku moja.

"Nani kasema hujui? Kula kabla hakijapoa."

Kitinda alikula. Lakini mama alipoondoka alibaki akitazama ubao wake wa kukatia, ule aliochongewa na seremala wa mtaani, wenye misumari miwili iliyosimama katikati. Ukikichomeka kitunguu pale, hakina pa kukimbilia. Mama hakuwahi kuuona ukifanya kazi, kwa sababu akiwapo yeye kisu hakitoki mkononi mwake.

Mambo yaligeuka asubuhi moja ya mvua. Mama aliteleza kwenye ngazi za nje ya nyumba yake, akaangukia mkono wa kulia, na mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Hospitali wakamfunga plasta ngumu toka vidoleni hadi karibu na kiwiko, wakamwambia arudi baada ya wiki sita. Ndugu wakubwa wa Kitinda waliishi miji ya mbali, kila mmoja na kazi yake. Kwenye simu walianza kujadiliana nani aajiri msichana wa kazi.

"Anakuja kwangu," Kitinda alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Asubuhi ya kwanza mama alijifungia nyuma ya pazia kuvaa. Dakika kumi zikapita.

"Mama, nije?"

"Niache."

Zikapita nyingine tano. Kitinda alipochungulia alimkuta amekaa kitandani, gauni limemkwama kichwani, plasta imenasa kwenye shingo ya gauni.

"Hata kuvaa sijui," sauti ilitoka ndani ya kitambaa. "Nimerudi utotoni."

Kitinda alijua angeweza kumvalisha kwa nusu dakika. Badala yake alilinasua gauni, akalilaza mapajani mwa mama, akaketi kando yake.

"Tuanze upya. Vaa ukiwa umekaa, usisimame. Mkono mgonjwa ndio unaoingia kwanza. Huu mzima utajitafutia njia."

"Na kuvua?"

"Mgonjwa unatoka mwisho."

Mama alifikiri kidogo. "Unaingia wa kwanza, unatoka wa mwisho. Kama mjomba wako kwenye harusi."

Walicheka mpaka mama akashika ubavu. Gauni liliingia, limepinda begani, lakini liliingia.

Baada ya hapo kila siku ilikuwa na somo lake. Kitambaa chenye maji chini ya bakuli, lisizunguke ukikoroga. Chupa katikati ya magoti, ndipo unafungua kifuniko. Nguo iliyofuliwa unaizungusha kwenye bomba la maji, unashika ncha zote mbili pamoja na kusokota, inajikamua yenyewe. Mama alikuwa mwanafunzi mbishi. Kitunguu chake cha kwanza kilichomoka kwenye misumari kikaishia chini ya kitanda, naye akakilaumu kitunguu.

Gesi ilipoisha na mtungi ukahitaji kubadilishwa, mama alitegemea kuona mwujiza. Kitinda akatoka mlangoni na kumwita jirani, akamwambia: "Shika hapa, nyanyua, weka pale. Asante sana." Basi.

"Kumbe huwa unaomba," mama alisema.

"Ninachokihitaji ndicho ninachokiomba."

Wiki ya tatu, wakimenya viazi, mama aliuliza, "Haya yote ulijifunza lini?"

"Ulipokuwa ukienda sokoni. Nilikuwa nafunga mlango."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya kisu."

Mama aliweka kiazi chini. Akaitazama plasta yake, iliyoanza kuchafuka pembeni. "Siku niliyoambiwa mkono wako hautapona, nilijiapiza kwamba huo mkono nitakuwa mimi. Sikujua kama kuna siku ya kuacha."

Kitinda aliacha kumenya. Alikuwa amejiandaa miaka mingi kwa ugomvi, na maneno ya ugomvi hayakufaa tena.

"Ulikuwa mkono huo, Mama. Na ulinifikisha hapa. Sasa njoo kwangu kama mgeni. Ukae, nikupikie."

"Na nguo?"

"Nguo zangu niachie."

"Nitajitahidi," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayeahidi kuacha sukari.

Wiki sita zilipoisha walikwenda hospitali kutoa plasta. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpima mama, kisha akasimama kumtazama akivaa koti mwenyewe, polepole, bila kukosea.

"Nani amekufundisha?"

"Mwanangu huyu," mama alijibu, akanyoosha kidevu kuelekea kwa Kitinda.

Yule mtaalamu alimwuliza Kitinda kama angeweza kuja asubuhi moja kila wiki, awaonyeshe wagonjwa anavyofanya. Kulikuwa na posho kidogo. Kitinda alisema atamwuliza kwanza mwenye duka. Mwenye duka alikuna kichwa, akasema Alhamisi haina wateja wengi kabla ya saa nne.

Alhamisi ya kwanza walikuwa watu sita kwenye viti vya plastiki. Wa mbele alikuwa dereva wa lori, jitu la mtu, mkono mmoja umelegea tangu alipopata kiharusi. Mkewe alikuwa ameshaanza kumfungua vifungo.

"Dada, mwachie," Kitinda alisema taratibu. Akavuta kiti, akaketi ana kwa ana na dereva. "Kaka, tuanze na shati. Tuna asubuhi nzima."