Perege Hawakupewa Taarifa

Usiku wa jana niliota, mimi ambaye hata ndoto za kawaida hunikwepa, kwamba niko ndani ya kichwa cha perege. Ni mmoja wa perege wa marehemu mke wangu, Tusekile, kwenye bwawa lake la uani. Tangu tumzike wamegoma kula. Nawamwagia pumba, wananitazama tu. Wakifa hawa, sina tena kitu chake chenye uhai.

Humo kichwani ni jikoni kama kwenye shughuli: masufuria, mvuke, joto. Mwanamke mwenye magamba anakoroga.

"Hodi," nasema.

"Karibu, shemeji. Mimi ni kimeng'enya, mpishi wa humu. Natengeneza dopamini."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Hamu. Samaki akisikia kandambili za Tusekile zinakuja, namwaga sufuria zima, anapanda juu mbio. Chakula bado hajakiona. Ikibaki, yule pale mlangoni anaivunja, kisha tunapika mpya."

Mlangoni jamaa mmoja anatwanga hamu kwenye kinu. "Siku hizi natwanga yote," analalamika. "Inapikwa, haitumiki. Mgongo wangu umekwisha."

"Basi acheni kupika!"

"Tuache vipi, shemeji, na Tusekile mwenyewe yuko njiani?"

Mara tuko wodini, kwenye kitanda kilekile alichofia, maji yananifika kiunoni. Perege wote wamekaa kwenye benchi la wageni. Sufuria nalo limekuja na moto wake, pamoja na yule mwanamke na jamaa wa kinu.

"Shemeji," linasema sufuria, "mlipiga simu mpaka Kyela. Majirani mkawatangazia. Sisi tulioishi naye uani, kimya. Ndiyo ustaarabu gani huo?"

Haki ya Mungu, niliona aibu. Zile simu zote alipiga kaka yangu. Mimi lile neno sijawahi kulitamka. Watu wakija kunipa pole naitikia tu, nawakaribisha chai.

"Tusekile amefariki," nikasema. Maji yakaniingia mdomoni, ikabidi nirudie. "Mke wangu amefariki, jamani."

Yule mwanamke akazima moto, akajifunga kanga kiunoni. Jamaa wa kinu akaweka mchi chini. Wakaniuliza kama wanavyouliza watu: aliumwa nini, alisema nini mwishoni, mmemlaza wapi.

"Nyuma ya jiko," nikawajibu, "penye migomba." Hapo nikalia kwa sauti, wala sikujali wagonjwa wengine. Iliniuma kuliko siku ya mazishi.

Nimeamka mto umelowa, nikatoka nje na uso wangu hivyohivyo. Pumba ya jana imekwisha yote. Perege wamejipanga ukingo mmoja wa bwawa, midomo juu ya maji, hakuna anayemsukuma mwenzake. Wameelekea nyuma ya jiko.

Nikaleta kigoda, nikakaa nao.