Mwana wa Zabibu, Mwana wa Pélagie

Hamidi alimwona mke wake, Zaina, bombani akicheka na Florent, akageuza njia asipite pale.

Si kwamba Zaina alikuwa hacheki na watu. Albertville nzima ilimjua kwa sauti yake. Kiwanjani, upande wa wanawake, hakuna aliyefungua kinywa kabla yake. Timu ya mji ikifunga bao, Zaina huinuka, hukaza kitenge kiunoni na kuuliza: "Nani kawalaza?" Wanawake wote humjibu kwa kumtaja mfungaji kwa jina la mama yake. Mama mwenyewe, kama yupo, hutazama chini na kunyamaza kama bibi harusi. Kujiimba mwenyewe ni aibu ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuthubutu kuifanya. Na kwa miaka mingi jibu lilikuwa lile lile: "Mwana wa Zabibu!" Zabibu ni mama yake Hamidi. Watoto wa mtaani waliujua wimbo huo kabla ya kujua kusali.

Kisha akaja Florent. Alishuka kwenye treni iliyotoka Nyunzu, bara, na sanduku la mbao, akapata kazi stesheni, na jioni moja akaombwa azibe nafasi mazoezini kwa sababu mtu alikuwa na homa. Mwenye homa alipopona hakurudishiwa nafasi yake. Kijana alikuwa na miguu mirefu, myembamba, na mpira ulimfuata kama mbuzi aliyeonjeshwa chumvi mkononi. Hamidi aliyapata mabao yake kwa mabega na jasho. Florent alifunga akicheka.

"Ulikuwa unaongea nini naye?" Hamidi alimwuliza mkewe jioni. Ugali ulikuwa mbele yake, mgebuka, samaki wa ziwani, hajaguswa.

"Na nani?"

"Usinifanye mutoto. Yule wa Nyunzu."

"Aa! Nilimwuliza jina la mama yake."

"La nini?"

Zaina alimtazama kama anayetazama mvua ikinyesha ndani ya nyumba. "La nini? Jumapili tunacheza na Urundi. Akifunga nitamwita nani? Mwana wa treni?"

"Na asipofunga?"

"Kula samaki, mume wangu."

Alikula, lakini hakujua anakula nini. Zamani, kabla ya ndoa, Zaina alimsimamisha yeye njiani na kumwuliza vivyo hivyo: weye ni mwana wa nani? Siku ile Hamidi alifika nyumbani bila kuhisi ardhi chini ya miguu. Miaka yote aliamini kwamba swali lile lilikuwa lake peke yake.

Mwaka huo, 1957, mji ulikuwa hauongei kitu kingine ila Urundi. Watu walikumbuka timu ya nchi ile ndogo ilipokuja mara ya kwanza: makarani wa Usumbura na walimu wa misheni waliokusanywa haraka haraka, jezi za rangi mchanganyiko, nusu yao bado wanatapika kwa mawimbi ya ziwa. Walifungwa mpaka watazamaji wakaingiwa na huruma, mama mmoja akawapelekea uji. Safari iliyofuata walikuja na jezi za rangi moja na golikipa mwenye mikono kama makasia. Wakafungwa tena, ila kwa shida. Halafu wakatoka sare, na Albertville ikaacha kucheka. Sasa meli ilipotia gati walishuka kwa mstari, wakiimba kwa Kirundi, na hakuna aliyetapika.

"Nchi kama kiganja," alisema Urbain, golikipa wa Albertville, aliyekuwa gatini akiwakagua. "Ila leo kiganja kimejikunja. Njo ngumi hiyo."

Hamidi hakumsikiliza. Alikuwa akimtafuta Florent. Alimkuta nyuma ya stesheni, amekaa juu ya magunia, akiosha miguu.

"Kaka Hamidi! Karibu."

"Mke wangu alikuuliza jina la mama yako?"

"Ndiyo, kaka. Nikampa. Pélagie."

Hamidi alisonya na kutikisa kichwa polepole. "Mutoto wa Nyunzu weye. Hukuambiwa? Kwetu huku ziwani jina la mama halitolewi ovyo. Linapelekwa kwa mpiga ramli pamoja na lako. Anatoa uzi, anafunga fundo. Moja la mguu wa kulia, moja la kushoto."

Florent aliitazama miguu yake, bado imelowa. "Lakini Mama Zaina ni muntu mwema."

"Mke wangu ananipenda sana," Hamidi alisema. "Hapendi mwingine aimbwe."

Ulikuwa uongo, na aliupenda jinsi ulivyosikika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijirudia maneno yale moyoni, mpaka yakakaribia kuwa kweli.

Jumapili kiwanja kilijaa. Upande wa wanawake, Zaina alikaa mbele, na Zabibu, mama mkwe wake, kando yake, amevaa kitenge kipya kwa ajili ya kutajwa. Mpira ulianza, na tangu mguso wa kwanza kila mtu aliona kwamba Florent si yule wa siku zote. Alikimbia kama anayevuka matope. Mpira ulimfikia, akausimamisha, akaitazama miguu yake, ukachukuliwa.

"Kijana, umekula mawe?" Urbain alipiga kelele kutoka golini.

Hamidi aliona yote hayo na kifua chake kikapanuka. Hata Urundi walipofunga bao kwa kichwa, na wimbo wao mgeni ukapasuka upande ule mwingine, sehemu moja ya moyo wake ilisema: sawa, lakini yule hajaimbwa.

Wakati wa mapumziko Florent hakwenda kunywa maji. Alikatisha kiwanja mpaka kwa wanawake, akapiga magoti mbele ya Zaina.

"Mama Zaina, nakuomba. Nifungulie miguu."

"Nikufungulie nini?"

"Mafundo. Kaka Hamidi ameniambia yote. Jina la mama nililokupa ulilipeleka kwa mpiga ramli. Sina neno na wimbo, Mama. Usiniimbe kabisa. Nifungue tu nitembee."

Wanawake walisogea wasikie. Zaina aligeuza kichwa, akamtafuta mume wake kati ya wachezaji. Hamidi alikuwa ameshika kibuyu cha maji. Alikiinua akanywa muda mrefu, uso wake nyuma ya kibuyu.

"Inuka," Zaina alimwambia Florent. "Jina la mama yako nililitaka kwa kazi hii."

Akasimama, akakaza kitenge. Haikuwahi kutokea kuimba kabla ya bao, lakini aliimba. "Nani atawalaza?"

Wanawake walisitasita, wakaangaliana. Kisha wote pamoja: "Mwana wa Pélagie!"

"Nani atawalaza?"

"Mwana wa Pélagie!"

Florent alisikiliza mdomo wazi. Aliinua mguu mmoja, akautikisa. Akainua wa pili. Akacheka.

Kipindi cha pili Urundi walikutana na mtu mwingine. Mara alikuwa kushoto, mara kulia, na golikipa mwenye mikono kama makasia alipomtokea, mpira ulikwisha kupita katikati ya miguu yake. Uwanja uliinuka. Jina la mwanamke wa Nyunzu, ambaye hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwona, lilifika mpaka ziwani, likarudi, likaenda tena. Hamidi alisimama katikati ya jina hilo kama aliyesimama kwenye moshi.

Alikimbia baada ya hapo kama hajawahi kukimbia. Aligongana, akaanguka, akaamka, akamnyang'anya mpira mchezaji wa Urundi kwa bega, na mwamuzi alipokuwa anatazama saa yake, Hamidi aliupiga kwa nguvu zote. Wavu ukavimba. Albertville ikatangulia. Wenzake walimrukia mgongoni. Aliwakung'uta wote, akageukia upande wa wanawake, akafungua mikono.

Zaina alikuwa amekaa. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Wanawake walimtazama Zaina, kisha wakatazama mbele. Wanaume walipiga kelele na filimbi, kofia zilirushwa, lakini wimbo haukuja. Hamidi aliendelea kufungua mikono. Mikono ilianza kuwa mizito.

Ndipo Zabibu alipoinuka. Alikuwa amevumilia alivyoweza. Alisimama na kitenge chake kipya, akatoa sauti kavu ya mwanamke mzee, peke yake:

"Nani kawalaza? Mwana wa Zabibu!"

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapita kwa wanaume, kikawafikia mpaka wageni wa Urundi, ambao hawakujua kinachochekwa. Mama anajiimba! Zabibu hakukaa. Aliuliza tena: "Nani kawalaza?"

"Mwana wa Zabibu!"

Ilikuwa sauti moja ya mwanamume, kutoka nyuma ya Hamidi, imejaa furaha. Florent alikuwa anakuja mbio, ameinua mikono yote miwili, anaitikia kwa moyo wake wote kama mtoto anayejua wimbo.

Hamidi aliuchukua mpira wavuni, akaubeba hadi katikati, macho chini. Angevumilia kuchekwa na nchi mbili. Lakini wimbo wake ulikuwa umepata mwitikiaji mmoja, na alikuwa yule wa Nyunzu.