Mfuko wa Kulia

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu una makali kuliko mkasi wangu. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponirudishia binti yangu wa miaka tisa, eti kaanguka darasani na kutokwa povu mbele ya wenzake, asirudi mpaka hospitali iseme ana nini, nilimjibu kwamba karatasi ataipata, na mtoto ataletewa pamoja nayo.

Binti yangu tunamwita Chiriku, maana kunyamaza hajui. Kusoma ndiko kunamsumbua; herufi anaziokota moja moja kama pini sakafuni.

Mama mkwe alikuwa na jibu lake siku nyingi. "Ulikanyaga cherehani hadi siku ya uchungu. Ulimtikisa mtoto tumboni." Miaka tisa neno hilo limenikaa kooni, kwa sababu kukanyaga kweli nilikanyaga.

Hospitalini daktari, mama mmoja asiye na haraka, alituonyesha picha ya kichwa cha Chiriku kwenye kompyuta. Akaeleza kwamba mtoto akiwa tumboni, seli za ubongo huzaliwa katikati, kisha husafiri kwenda juu, zikipanda kwenye nyuzi nyembamba.

"Nyuzi?" nikauliza, nikasogeza kiti.

"Nyuzi. Za kwanza zinatangulia, za baadaye zinazipita na kukaa juu zaidi. Sasa hizi za binti yako," akagusa vinundu viwili katikati ya picha, "hazikuondoka. Zimebaki pale zilipozaliwa."

"Zimekufa?" Chiriku akadakia.

"Ziko hai, na kazi zinafanya. Ila mara nyingine zinazua vurugu, ndipo unaanguka. Na kusoma kunakuwa kugumu. Akili unayo."

Nikamuuliza kuhusu cherehani.

"Hata ungekanyaga usiku na mchana," akasema. "Hii mara nyingi ni hitilafu ya vinasaba. Mguu wako hauna kosa."

Nililia palepale, kisha nikakasirika. Miaka tisa! Nilipofika nyumbani nilimwambia mama mkwe, kwa adabu zote, "Mama, kesi ya cherehani imekwisha. Daktari kaifuta." Jioni ile nilikanyaga cherehani mpaka vikombe vyake vikacheza kabatini.

Nilikuwa namshonea Chiriku sare mpya. Lakini hasira hasara: Jumatatu asubuhi, mtoto keshavaa, ndipo nikaona mfuko wa kifuani nimeuweka kulia badala ya kushoto. Mimi, fundi wa miaka ishirini! Nikachukua wembe wa kufumulia. Chiriku akarudi nyuma.

"Uache, mama. Kalamu si inaingia?" Akachomeka yake.

Ofisini mwalimu mkuu aliisoma barua ya daktari. Ilitaja dawa za asubuhi na jioni, na la kufanya mtoto akianguka: mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni. Chini palikuwa na nafasi ya saini yake, kwamba amepokea na walimu wataelezwa.

"Mama, shule hii haitaweza," akasema. "Watoto kama hawa wana mahali pao." Akamtazama Chiriku juu hadi chini. "Hata hiyo sare yenyewe, mfuko hauko mahali pake."

"Hauko," nikasema. "Na sitaufumua. Wala hapa siondoki. Leo sina mteja, Mwalimu, nina siku nzima."

Nikavuta kiti, nikaketi. Nje kengele ikalia. Mwalimu akapapasa mezani, akafungua droo, akaifunga.

"Kwanza hata kalamu ya kusainia sina."

Chiriku akapeleka mkono kifuani, upande wa kulia, akamnyooshea.

"Hii hapa, Mwalimu. Ila unirudishie, nina hesabu kipindi cha kwanza."

Mwalimu mkuu akasaini. Chiriku akairudisha kalamu mfukoni mwake, akaenda darasani bila hata kuniaga.