Ua Zima

Siku ile mume wangu alikuwa na ombi moja tu: kabla hawajamfunga macho, aone ua lake likiwaka.

Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi ile ilimla macho kidogo kidogo. Kesho yake asubuhi alitakiwa hospitali kwa upasuaji. Daktari hakutuficha kitu. Huenda akaona tena vizuri, na huenda hata hicho kidogo alichobakiwa nacho kikaondoka. Alichobakiwa nacho kilikuwa mwanga na kivuli: dirisha, moto wa jikoni, shati jeupe likianikwa. Uso wangu alikuwa ameshaanza kuukisia kwa sauti.

Ua lenyewe alilitengeneza zamani kwa nondo nyembamba, kubwa kama ungo, lina petali saba. Kila ikifika sikukuu tunalizungushia taa zile ndogo ndogo za rangi na kulitundika uani, juu ya mlango wa jikoni. Binti yetu alijifunza kuhesabu kwa petali zile. Tunamwita Chiriku, maana tangu azaliwe mdomo wake haujapata likizo.

Aliyepanda ngazi alasiri ile alikuwa mume wake Chiriku, mkwe wangu. Ni kinyozi, mkono mwepesi, na adabu yake kwangu imezidi kipimo. Hajawahi kunijibu bila kuweka "mama" mbele au nyuma. Nikimuuliza kama chai ina sukari, atasema, "Ina sukari, mama." Nikimuuliza kama mvua inanyesha, naye kalowa chapachapa, "Inanyesha, mama."

Na kweli mvua ilikuwa imepita mchana. Ukuta ulikuwa bado na unyevu, ngazi ni ya chuma, na mkwe kavua viatu ili asiteleze. Waya wa zile taa uliingia ndani kupitia dirishani hadi kwenye soketi, na hapo kwenye swichi ndipo aliposimama Chiriku. Mzee tulimweka kwenye kiti pale uani, shingo kaiinua kama anayesubiri kunyolewa ndevu.

"Washa!" mkwe akasema.

Likawaka lote. Nyekundu, njano, kijani, hakuna hata taa moja iliyogoma.

"Baba, unaliona?" mkwe akauliza kule juu.

"Naona kitu kama yai lililopasuka," mzee akasema.

"Limepinda, baba. Ngoja nilinyooshe." Akaliwekea mkono.

Sasa mimi siwezi kukaa na kitu bila kukiuliza. Boksi la taa zile lilikuwa limekaa stoo mwaka mzima, na stoo yetu panya wameifanya yao. Nikapaza sauti nikiwa pale mlangoni kwa jikoni: "Mkwe, hilo ua zima?"

"Zima!"

"Umesikia, mama?" Chiriku akadakia huko ndani. "Anasema ni zima. Wewe na panya wako!"

Nikageuka kwenda kuangalia sufuria. Hata sijaifikia, lile neno likaanza kuniwasha sikioni. Zima. Tupu, bila mama mbele wala mama nyuma. Huyu kijana vipi? Leo kanivunjia heshima mbele ya mkewe? Nawaambia ukweli, sikushtuka. Nilitaka kujua tu. Nikarudi mlangoni nikatazama juu.

Mkono wake ulikuwa bado kwenye nondo. Vidole vimekunjamana, mdomo uko wazi, na sauti hakuna.

"Chiriku, zima!"

"Nimesikia, mama, ni zima."

"Zima swichi, wewe! Zima taa!"

Hapo mzee naye alikuwa ameshainuka, kanyoosha mikono anaitafuta ngazi. Nikamdaka shati kwa nyuma. "Usiiguse! Baba Chiriku, usiiguse ngazi!" Kifungo kikaruka, lakini yeye alibaki upande wangu.

Swichi ikalia ta. Ua likafa, na mkono wa mkwe ukaachia.

Akashuka, akakaa chini kwenye zege. Chiriku alitoka mbio, analia na kugomba kwa pamoja.

"Kwa nini usiseme 'zima taa'? Ungesema 'zima taa' ningeelewa!"

"Mwenzangu," mkwe akasema, anajikanda kiganja, "umeme ukikushika unapata nafasi ya kutunga sentensi? Mwanzo ni kama siafu mkononi. Nikapata neno moja. La pili likakwama hapa." Akagusa koo. Kisha akanigeukia, uso umemshuka. "Nisamehe, mama. Nilikujibu ovyo."

Nilicheka hadi machozi, na machozi yenyewe sikujua ni ya kitu gani. "Hukunijibu, mwanangu. Wewe ungekuwa unanijibu, ungesema 'Zima, mama.' Ndiyo maana nikarudi kukutazama."

Jirani yetu nesi alikuja akamsikiliza moyo, akasema unapiga sawasawa, lakini hospitali lazima waende kumpima hapohapo. Akampeleka kwa gari lake. Chiriku aliongozana nao, na njia nzima, nilikuja kuambiwa, alimfundisha mumewe maneno ya kusema siku nyingine. Walirudi jua likizama, mkwe kaambiwa hana tatizo, apumzike.

Muda wote huo mimi nilibaki na swali langu. Ua bovu, mbona liliwaka vizuri namna ile? Mimi nilijua kitu kibovu hakiwaki, kikiwaka ndiyo kizima, basi. Nikachomoa plagi kabisa kwenye soketi, maana swichi peke yake sikuiamini tena. Nikaliteremsha ua kwa mpini wa ufagio, nikaketi nalo sebuleni pembeni ya mzee, nikawa naupitisha waya vidoleni kidogo kidogo kama ninavyochambua mchele.

Kwenye petali ya tatu kidole kikakwama. Ncha ya nondo pale ilikuwa kali, imeusugua waya mwaka hadi mwaka kila upepo ulipolitikisa ua. Plastiki imeisha, shaba inachungulia, kipande kidogo kama punje. Na shaba hiyo imelala juu ya chuma. Kumbe! Umeme ulipita zake ukawasha taa zote kama kawaida, na huku nyuma umejaa kwenye chuma chote, unangoja mkono wa mtu.

"Kitendawili," nikamwambia mzee.

"Tega."

"Ua liko uani, linaua."

Hakucheka. Alinyoosha mkono, nikamwekea kidole pale penye ncha. Alipapasa, akarudia kupapasa.

"Hapa sikupiga tupa kulainisha ncha," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Ndipo Chiriku na mumewe wakaingia. Chiriku alipoona pale palipochubuka, akasema, "Ah, hiki tu? Tunafunga utepe, linawaka sasa hivi. Baba, utaliona ua lako, usijali."

"Hapana," mzee akasema.

"Baba, kesho ndiyo—"

"Kesho naijua. Kata waya wote utupe. Kama sitaliona, nisilione. Siku ya kufunguliwa macho nataka nimwone mumeo."

Nikaleta kisu, nikaukata waya na taa zake vipande vipande ili mtu asije akaziokota akaona ni nzima, nikalisimamisha ua tupu kwenye kiti. Giza lilikuwa linaingia. Vipande vya waya vilisambaa sakafuni, na Chiriku akawasha tochi ya betri avione, akachuchumaa nyuma ya kiti.

Mzee akageuza shingo.

"Nini hicho ukutani?"

Sote tukatazama. Mwanga wa tochi ulikuwa unapita katikati ya nondo, na ukuta wetu mweupe umejaa petali, kila moja urefu wa mlango.

"Chiriku, tulia hivyohivyo," nikasema.

"Nimetulia. Kuna nini?"

"Isogeze tochi karibu," mzee akasema, kainuka nusu. "Polepole. Ehe." Petali zikavimba hadi darini. "Irudishe. Hapo hapo." Akaanza kuhesabu kwa kidole hewani, midomo inacheza, akafika saba bila msaada wa mtu. Mkwe wangu alisogea taratibu aone vizuri anachokihesabu.

"Na hilo donge limeota katikati, nini?"

"Ni kichwa changu, baba. Samahani, natoka."

"Usitoke," mzee akasema. "Kaa hapohapo. Nawaona wote wawili, wewe na ua langu."