Dada wa Ule Unga

Usimwambie Javan kwamba kunde ni kunde. Atakununia mpaka jioni, maana yeye amekula za mama yake.

Mwaka wa sitini na nne alikuwa bwana shamba Kendu Bay, kijana wa baiskeli ya serikali na majivuno kidogo. Mkewe Roselyn alikuwa na mimba ya kwanza. Ziwa lilikuwa limefurika na kumeza bustani ya mama yake Javan, Filister, kwa hiyo mbegu chache za kunde zilizobaki, alizoachiwa na mama yake mzazi, Filister alizipanda katikati ya mistari ya pamba. Wanawake wote walifanya hivyo, mabwana shamba wakikemea wasikemee.

Ulipokuja unga mpya wa kuua funza wa pamba, Javan aliunyunyiza kwanza shambani kwa mama yake ili majirani waone. Akaagiza majani ya kunde yasichumwe kwa siku kumi.

Siku ya kumi ikaja barua kutoka kituo cha utafiti. Unga ule haukuwa umepimwa kama unadhuru uzazi. Lakini ulifanana sana kwa umbile na unga mwingine, na huo mwingine ulipotiwa kwenye maji yenye mizizi ya vitunguu, ulikatakata nyuzi ndogo za ndani ya mizizi hiyo zinazobeba urithi.

Javan alipanda baiskeli mbio. Alikuta chungu cha kunde kimeepuliwa, Roselyn ananawa mikono ale. Akakimwaga nje bila hata salamu.

"Una wazimu?" Filister alifoka. "Huo unga umemuua nani?"

"Hakuna anayejua, Mama. Haujapimwa."

"Basi kosa lake nini?"

Javan alijikuna kichwa. Kemia ya shule isingemfikisha popote hapa, ila mama yake alikuwa mshenga, amewaoza nusu ya vijana wa pale.

"Mama, ukimtafutia mtu mke, na msichana mwenyewe humjui?"

"Nauliza habari za dada zake."

"Nami nimeuliza habari za dada wa huu unga. Anakata urithi."

Filister alikiinua chungu kitupu. "Niliwahi kumkataa msichana wa Kanyada kwa sababu ya dada yake. Akaolewa kwingine, akazaa saba, wazima wote. Nilimdhulumu, wuoda, mwanangu."

"Kwa hiyo tuzile?"

"Nimesema tuzile?"

Akaingia shambani, akazing'oa kunde zote kwa mikono yake. Javan alimsihi abakize japo mbegu za kupanda.

"Si umesema unakata urithi? Urithi unakaa wapi kama si kwenye mbegu?" Akazichoma, machozi yakimtoka, asiulaumu moshi.

Roselyn alijifungua Phelesia, mtoto mzima mwenye makelele. Unga ule uliondolewa madukani kabla ya yeyote kuupima. Mara kwa mara, mjukuu akiruka kamba uani, Filister aliuliza kama zile kunde zingemdhuru kweli.

"Sijui, Mama," Javan alijibu kila mara, na kila mara ilimuuma.

Mwaka aliokufa, Filister hakuuliza tena. Alisema tu, "Zilikuwa tamu, wuoda."

"Zilikuwa tamu, Mama," Javan alisema, akalia.